Jumamosi Nane Bila Kupima

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, hapa hapa Maskati, nilipoitwa ofisini kutafsiri maneno ya mtu, nami nikayapunguza. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwanangu, umri wako wewe sasa. Kisa hiki mama yako anakijua nusu, na wajomba zako hawakijui kabisa. Wewe nakupa chote, kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Al Khoudh ukicheka peke yako kwa furaha, ukaniambia umepata kazi yako ya kwanza ya uhandisi, na Jumapili unapanda Jabal Akhdar kupima maji ya ile nyumba ya wageni ambako wamezika mabomba ardhini.

Halafu ukanitania. Ukasema, "Bibi, wewe na kuganda wapi na wapi?" Mjukuu wangu, mimi nilijua habari za kuganda kabla mama yako hajazaliwa. Mabomba yenu ya chini ya ardhi ni mambo ya kisasa, nimesoma habari zake na nimezipenda: wakati wa baridi maji yanayozunguka humo huchota joto la udongo na kulileta nyumbani, na wakati wa joto hulirudisha kulekule. Huko mlimani usiku wa Januari maji matupu yanaweza kuganda, ndiyo maana huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na wewe unakwenda kupima kama dawa hiyo ingali na nguvu ya kutosha. Sisi mabomba yetu yalikuwa juu ya paa, hapa Maskati, na kazi yake ilikuwa kupoza mboga. Lakini dawa ni hiyohiyo na kipimo ni kilekile. Nakuandikia badala ya kukwambia kwa simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Nilikuwa msichana wa kwanza kuingia katika karakana ya kampuni moja iliyokuwa na ghala la baridi karibu na soko la matunda na mboga. Baba yangu aligombana na kaka zake wawili kwa ajili yangu. Wao waliuliza mtoto wa kike atapandaje ngazi za chuma mbele ya wanaume, baba akawajibu kwamba atapanda kwa miguu, kama watu wengine. Basi nikaenda, ovaroli mwilini, mtandio nimeufungia nyuma, na kiburi kimenitangulia mlangoni. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, nikidhani hata feni za karakana ile zinazunguka kwa ruhusa yangu.

Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja wa Kizanzibari kama sisi, Khalfan, aliyetengeneza mitambo ya barafu Unguja kabla ya kuja huku. Sote tulimwita Ami ingawa hakuwa ndugu wa damu na yeyote pale. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akikunyamazia unatamani angekupiga makofi yakaisha. Chini yake alikuwapo Yohana, mtu wa Singida, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha paa, kukaza nati na kuangalia tangi linalolisha mabomba. Alikuwa amebakiza miezi minane kumaliza mkataba. Kwao alikuwa anajenga nyumba, kuta zimefika kwenye madirisha, na kila picha mpya ilipomfikia kwa posta alituonyesha sote, mpaka Wahindi wa stoo ambao hawakuelewa neno lake hata moja.

Hapa kuna jambo linalonitia haya hadi leo, nami sitaliruka. Yohana na mimi lugha yetu ilikuwa moja, lakini mbele ya wakubwa nilimsemesha Kiarabu. Siku zile baadhi yetu tuliotoka Zanzibar tulitaniwa kwa namna tulivyokitamka Kiarabu, na mimi nikaona dawa yake ni kujifanya Kiswahili sikijui sana. Yohana akinisalimia, "Habari za asubuhi, dada," namjibu "Sabah an-nur" huku nikitazama pembeni. Na nyumbani kwetu, mwanangu, tulipika kwa Kiswahili, tuligombana kwa Kiswahili, na bibi yangu alikuwa akizungumza usingizini kwa Kiswahili.

Mtambo wetu uliyapoza maji yale yenye dawa mpaka digrii nane chini ya sifuri, kisha ukayasukuma kwenye vyumba vya karoti, tufaha na zabibu. Ndani yake mlikuwa na sahani nyembamba za chuma zilizobanwa pamoja. Maji yalipita upande mmoja wa kila sahani, na upande wa pili ilipita gesi yenye baridi kali zaidi. Dawa ikizidiwa na maji, maji yanaganda hapohapo kati ya sahani, yanavimba, na chuma kinapasuka. Kwa hiyo kila Jumamosi, ambayo enzi zile ndiyo iliyokuwa siku yetu ya kwanza ya kazi, ilikuwa lazima mtu apande kupima, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kipimo chenyewe unakijua, kile kidarubini cha mkononi. Unadondosha matone mawili juu ya kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Juu utaona buluu, chini nyeupe, na pale zinapokutana ndipo ilipo namba ya baridi ambayo maji yako yataistahimili. Agizo letu lilikuwa kumi na tano chini ya sifuri, na isipungue hapo. Mwezi wa nne nilipima, nikapata kumi na sita, nikaiandika daftarini kwa mwandiko wangu mzuri na sahihi yenye mkia mrefu.

Kisha likaja joto lile la Maskati ambalo ukishika mlango wa gari unaruka. Paa letu lilikuwa likiunguza mpaka soli za viatu. Na wakati huohuo nilikuwa nimepewa nafasi ya kusaidia michoro ya ghala jipya, chini ofisini, kwenye kiyoyozi, meza moja na wahandisi wakubwa, na huko ndiko nilikotaka kuonekana. Nikajiambia kupima habari za kuganda ni kazi ya Januari. Nani ataganda Maskati mwezi wa sita? Cheti changu chote kile hakikunikumbusha kwamba baridi iliyogandisha maji yale haikutoka angani, ilitoka ndani ya mtambo wenyewe, na kiangazi ndipo mtambo unapojituma kuliko wakati wowote. Jumamosi ya kwanza nikaandika kumi na sita bila kupanda ngazi. Jumamosi iliyofuata nikaandika kumi na sita. Nilifanya hivyo Jumamosi nane, na kidarubini kimelala kwenye mtoto wa meza yangu.

Yohana alinijia katikati ya wiki hizo. Alinikuta peke yangu kwenye veranda, akavua kofia.

"Dada, samahani. Maji ya tangi yanashuka. Jana nimeongeza ndoo moja, leo yameshuka tena. Kuna mahali panavuja."

Hakukuwa na mtu wa kunisikia, kwa hiyo nilimjibu kwa Kiswahili. "Ongeza maji tu, Yohana. Joto hili, yanakauka."

Mabomba yale yalikuwa yamefungwa pande zote. Maji ya humo hayana njia ya kukauka, na mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni analijua hilo. Nilisema vile ili aondoke, nirudi kwenye michoro yangu. Baada ya wiki tatu alirudi kuniambia zile ndoo zimekuwa nyingi na roho yake haitulii. Nikamuuliza maji yana rangi gani, akasema bado ya kijani, nikamwambia basi mazima hayo, aendelee. Rangi kidogo sana inatosha kupaka maji mengi kijani, mwanangu, kwa hiyo usije ukaiamini rangi.

Ami Khalfan miezi ile miwili alikuwa Sohar kwa mtambo mwingine. Alirudi Jumatatu. Jumanne mtambo wetu ukasimama. Vyumba vikaanza kupata joto, wenye mali wakaja mbio kuhamisha makasha, na zabibu za watu zikaharibika zikiwa zimepangwa vizuri kwenye rafu. Ami alifungua mtambo akakuta sahani zimepasuka na maji yameingia mpaka kwenye njia ya gesi. Alifungua koki moja ya bomba, akakinga maji kidogo kwenye chupa, akaifunga na kuitia mfukoni.

Asubuhi ya pili ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Mkubwa wetu, mudiri tuliyemwita, alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka, na siku hiyo haraka ilizidi. Ndani walikuwapo wahandisi wawili, Ami Khalfan kwenye kiti cha kona na finjani yake ya kahawa, na Yohana amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Kiarabu cha Yohana kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo alihitajika mtafsiri. Mudiri alimtazama Ami kwanza. Ami akanionyesha mimi kwa kidevu.

Mudiri akauliza, "Nani aliyekwambia utie maji matupu kwenye mabomba?"

Nikamtafsiria. Yohana akajibu taratibu, akinitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Akasema, "Mimi nimefanya nilivyoambiwa. Dada huyu ndiye aliyeniambia niongeze. Nilimweleza mara mbili kwamba kuna mahali panavuja, akasema niendelee. Kama nimekosa, nimekosa kwa kutii."

Wote wakanigeukia. Nikamwambia mudiri kwa Kiarabu, "Anasema aliona maji yamepungua, akaongeza."

Angalia vizuri nilichofanya, mwanangu. Sikutia neno hata moja la uongo. Maji yalipungua kweli, na aliongeza kweli. Nilichukua yale yaliyomtetea Yohana nikayaacha nje. Yeye hakuelewa Kiarabu changu chote, lakini alijua kwamba maneno yake yalikuwa mengi kuliko yangu. Alinitazama akisubiri niyamalizie. Nimesahau sura za watu wengi katika maisha yangu, ile ya Yohana wakati ule sijaisahau.

"Khalas," mudiri akasema. Mkataba umevunjwa, Alkhamisi apande ndege. Yohana alilielewa hilo bila mtafsiri. Ami Khalfan akatikisa finjani yake kumwonyesha mpishi wa kahawa kwamba imetosha, akainuka, na alipofika mlangoni akaniambia, "Binti, njoo juu."

Nilimfuata kwenye ngazi za chuma. Ilikuwa kama saa nne, na jua limekwishakuwa jua. Juu ya paa alitoa mfukoni kidarubini changu, ambacho alikuwa amekitoa mwenyewe kwenye mtoto wa meza yangu, na ile chupa. Akanipa vyote viwili. Nikafuta kioo, nikadondosha matone, nikafunika, nikachungulia.

"Ngapi?" akauliza.

"Sita."

"Na Jumamosi daftarini?"

Nikasema kumi na sita, kwa sauti ndogo sana. Hapo nikaanza kulia, si kwa sababu ya mtambo wala hata Yohana, nasema kweli. Nililia kwa kujihurumia. Nikamwambia Ami kwamba mimi ni msichana wa kwanza hapa, baba yangu amegombana na ndugu zake kwa ajili yangu, na nikifukuzwa hawatamchukua msichana mwengine tena. Nitakuwa nimewafungia mlango wote wanaokuja nyuma yangu. Na niliamini nilichokisema, maana ilikuwa hoja nzuri na ilinipa sura ya mtu mwema.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na maneno haya nnayo kama yalivyotoka kinywani mwake: "Wasichana hao unaowaombea hawajaja bado. Yohana yuko chini, anafunga begi. Mimi Kiswahili nnakijua na Kiarabu nnakijua, na nimesikia vyote viwili. Ningeweza kukusahihisha mle mle ndani. Nimenyamaza kwa kuwa nikisema mimi, atapona Yohana peke yake, na mimi nnataka mpone nyote wawili. Lakini sitara yangu ina mwisho. Ikiadhiniwa adhuhuri hujasema, nasema mimi."

Akateremka, akaniacha na chupa mkononi. Mwanangu, ilikuwa imebaki kama saa mbili kufikia adhuhuri, na mimi nilikaa kwenye kivuli cha tangi nikizitumia vibaya. Nikatunga sentensi ambayo ingemwokoa Yohana bila kunitaja mimi. Nikaitunga vizuri, nikaijaribu kwa Kiarabu, nikaona inakubalika kabisa. Nilipoinua kichwa ndipo nikaona ukutani, nyuma ya tangi, mistari ya chaki. Ilikuwa imepangwa mitano mitano, na pembeni ya kila fungu pameandikwa tarehe zake kwa herufi ndogo. Nilihesabu ndoo ishirini na tatu. Yohana, ambaye hakuna aliyemwagiza kuandika chochote, alikuwa ameandika kila ndoo siku alipoimwaga. Na mimi niliyepewa daftari, kalamu na mshahara wa kuandika, nilikuwa nimejaza namba nilizozitoa kichwani. Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona kabla yake wala baada yake, na ile sentensi yangu nzuri ikanitoka yote.

Niliteremka. Nilimwomba mudiri amwite Yohana, na Yohana alipoingia sikukaa. Nilisema kwa Kiarabu: mimi ndiye niliyemwagiza aongeze maji, aliniambia mara mbili panavuja nikampuuza, sijapima kwa Jumamosi nane na namba za daftarini nimezizua, na asubuhi nimekata maneno yake. Kisha nikamgeukia Yohana nikayarudia yote kwa Kiswahili, mbele ya wahandisi wale wawili, ili asikie kwamba safari hii hakuna kilichobaki nyuma. Wala usidhani nilijihisi shujaa.

Mudiri akatutaka tumpeleke juu. Aliisoma ile mistari ya chaki fungu baada ya fungu, kanzu yake nyeupe ikigusa tangi lenye vumbi. Yohana akamwonyesha na mahali penyewe palipovuja, kwenye kiungo cha bomba upande wa kibla, ambapo alikuwa amepazungushia kitambaa kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kukifungua kiungo chenyewe. Kila kitu alikuwa amekiona. Alichokosa ni mtu wa kumsikiliza.

Hukumu ilitoka hapohapo. Yohana abaki. Mimi nitolewe kwenye michoro ya ghala jipya, na mtambo mwengine utakapofungwa mahali pa ule uliopasuka, nisafishe mabomba yote na kuyajaza upya, chini ya Yohana, kiangazi chote. Na kipimo chochote nitakachoandika kisihesabiwe mpaka yeye atie sahihi yake kando ya yangu. Mmoja wa wahandisi alicheka, akidhani ni mzaha. Mudiri hakucheka.

Jioni nilimweleza baba. Nilitegemea atanikemea au atanitetea, hakufanya lolote kati ya hayo. Alivaa kilemba chake, akachukua sahani ya halwa, akasema twende Ruwi. Yohana alikuwa akikaa huko na wenzake wanne, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Hawakuwa na viti, kwa hiyo tulikaa kitandani, baba na mimi, na Yohana akatupikia chai ya tangawizi kwenye jiko la umeme. Begi lake lilikuwa bado limefungwa pale mlangoni. Nilimwomba radhi. Alizungusha kikombe mkononi, akasema, "Nimekusikia, dada. Nipe muda." Baba akaitika kwa kichwa, nasi tukamaliza chai yetu.

Nilimpa muda, maana sikuwa na jingine la kumpa. Karibu mwezi mzima alinisemesha ya kazi tu: shika hapa, kaza pale, mimina polepole. Alinifundisha kusikiliza pampu kwa kuweka bisibisi kwenye chuma na sikio kwenye mpini, na kutoa hewa bombani bila kupoteza dawa, mambo ambayo chuoni hawakunigusia. Nami kila asubuhi nilimwamkia kwa Kiswahili, nani yupo nani hayupo. Siku moja tulikuwa tunapima, nimeshachungulia, nimeshachukua kalamu, akanizuia mkono. "Dada, soma kwa sauti," akasema. Nikasoma: kumi na saba. Akachukua kidarubini akachungulia naye, akasema kumi na saba, akatabasamu mara ya kwanza tangu siku ile. Kuanzia hapo tulipima hivyo, kila mmoja kwa jicho lake na kwa sauti, ndipo tunaandika. Mkataba wake ulipokwisha mudiri alimwomba aongeze, naye akaongeza mara mbili. Mwaka uliofuata karakana ikachukua wasichana wawili, na aliyewafundisha kupima ni yeye.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na usizisome kwa haraka. Jumapili ukifika mlimani, chukua maji kutoka bomba linalozunguka, si pale walipotoka kumimina dawa, maana hapo yatakupa namba nzuri ya uongo. Anza kwa maji safi yasiyo na kitu, uone kidarubini chenyewe kinasoma sifuri. Uliza ni dawa ya aina gani, kwani ndani mna safu mbili za namba, kila aina na yake, na ukisoma safu isiyokuwa yako utajiona umekingwa kumbe bado. Liache tone litulie kidogo kwenye kioo. Namba uliyoiona iandike hapohapo umesimama, iwe inapendeza au inaudhi. Na mwezi wa saba, wakati hakuna anayewaza baridi, panda tena ukapime, hata kama wenzako watakucheka. Utakuta daima kuna sababu nzuri ya kutopanda. Mimi nilikuwa nayo kila Jumamosi.

Na huko utamkuta mtu anayefagia, anayemwagilia, anayelinda, ambaye huyaona mabomba yale kila siku kuliko wewe mwenye cheti. Akikwambia jambo halimtulizi roho, simama umsikilize mpaka amalize, tena kwa lugha yake kama unaijua. Ikitokea siku maneno yake yamewekwa kinywani mwako uyafikishe kwa wakubwa, yafikishe yote, na zaidi yale yanayokutaja wewe. Kupima vibaya kunaweza kusahihishwa wiki ijayo. Maneno ya mtu uliyoyakata, yeye ndiye anayelipa.

Sikutishi, wala sitaki uende na hofu. Nimeona kazi yangu yote ya miaka mingi ikitoka katika ile asubuhi mbaya, na mengi yake yamekuwa mema. Utakosea, kama nilivyokosea, kwa kuwa wewe ni mtoto wa watu na si mtambo. Nenda, Mwenyezi Mungu akunyooshee njia ya mlima kwenda na kurudi. Akupe jicho la kuona namba pale ilipo na mkono wa kuiandika hivyohivyo. Na siku utakapokuwa umemkosea mtu na wewe peke yako ndiye unayejua, akupe saa mbili kabla ya adhuhuri, na akupe miguu ya kuteremka ngazi.